Ndugu Yangu Hulia Vizuri

Ndugu yangu hulia vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Akifika matangani haanzi kupiga mayowe langoni kama wale wanaotaka ijulikane wamefika. Husimama kwanza kando ya migomba, mikono nyuma, akawatazama watu. Anatafuta aliyeumia kweli. Akishampata, na hakosi kumpata, hata kama ni shangazi wa mbali anayemenya viazi peke yake nyuma ya jiko, humwendea, humshika bega, humwambia neno moja dogo. Shangazi huachilia kisu akalia kama mtoto, na ndugu yangu hulia naye. Machozi ya kweli hayo, yanalowesha shati. Miaka mingi nimeyakagua kwa karibu nikitafuta kasoro, kama ninavyokagua kwapa la koti kabla ya kulinunua. Sijaiona hata moja.

Mimi nauza mitumba sokoni Daraja Mbili, na kazi hii imenifundisha nisiamini kitu kilichokunjwa vizuri. Nisijifanye mtakatifu, nami husoma watu. Mama akishika sweta la mtoto, akaliweka, akazunguka, akarudi kulishika tena, najua alicho nacho mfukoni na najua anamwonea haya nani. Naweza kumkamua hapo hapo. Tofauti ni kwamba nikiiona aibu yake, nami aibu hunipata. Mkono unakuwa mzito, naishia kumpunguzia bei huku nikijitukana kimoyomoyo. Ndugu yangu huiona aibu hiyo hiyo, tena kabla yangu, na mkono wake hauwi mzito hata kidogo.

Tulizaliwa upande wa Nyamache, nyumba iliyo kwenye mteremko, chai juu na migomba chini. Mimi ni kifungua mimba, yeye kitinda mimba, na wa katikati hawakukaa. Mzee wetu alifariki yeye akiwa bado mgongoni. Kwa hiyo tulikuwa watatu tu: mama, mimi na yeye.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja asiye na mtoto, aliyekuwa na ndama. Ndama huyo alimlisha kwa mkono na kumsemesha kila asubuhi mpaka watu wakamcheka. Siku moja ndama alikutwa bondeni, amevunjika miguu. Kamba haikukatika, ilifunguliwa. Nilikuwa nimemwona mdogo wangu akipandisha kutoka bondeni na matope magotini, akipiga mluzi. Kabla sijafungua mdomo, tayari alikuwa ameketi chini kando ya bibi, na kwa sauti ya taratibu akamwambia, "Pole, bibi. Pole kwa mtoto wako." Watu wazima wote pale walikuwa wamesema ng'ombe, hasara, daktari wa mifugo. Yeye peke yake, kitoto kisichojua hata kufunga kamba za viatu, alisema mtoto. Yule bibi alimkumbatia akalia, kisha akampa mkungu mzima wa ndizi mbivu.

Tukiwa njiani kurudi alinivuta sketi. "Uliona mdomo wake ulivyotetemeka niliposema mtoto?" aliniuliza. Hakuwa akicheka wala hakuwa na huzuni. Alipendezwa tu, kama mtoto aliyeona mdudu mpya. Tangu siku hiyo sijawahi kumpa kisogo.

Nilimwambia mama. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua macho. "Ni mtoto," alisema. Nikamwambia tena mwaka uliofuata, na mwingine, kila kulipokuwa na jambo. Aliyemsukuma mwenzake kwenye moto wa kuchoma mahindi ni yeye. Aliyemwambia mwalimu mkuu siri ya mwalimu mwenzake, mpaka yule mwalimu akahama, ni yeye. Jibu la mama lilikuwa lile lile, ila alilibadilisha kadiri mdogo wangu alivyokua: ni mtoto, ni kijana, ni mwanangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa. Lakini na mimi si mwana? Katika maisha yangu nimetaka kitu kimoja kwa mama yangu, na sijawahi kukitamka kwa mtu, hata kwa mume wangu: aniambie, japo kwa kunong'ona, kwamba ananiamini. Asimfukuze. Asimlaani. Aseme tu, "Nami nimemwona." Basi.

Watu husema mtu wa namna hii haelewi wenzake, eti moyo wake ni jiwe, haoni. Thubutu! Jiwe lingekuwa afadhali. Alipomvunja mtu taya pale Keumbu akafungwa, mnajua nani alikuwa akienda kumtembelea jela na kumpelekea sabuni? Mama mzazi wa yule aliyevunjwa taya! Pale mahakamani ndugu yangu alimtazama huyo mama, akagundua, sijui kwa njia gani, kwamba mwanawe humtukana nyumbani. Akamwomba msamaha yeye, si mwanawe. "Nimekukosea wewe, mama, maana wewe ndiwe unayeumia na hakuna anayekuuliza." Mama wa watu akayeyuka. Kuelewa anaelewa, tena sana. Kinachokosekana ni ile sehemu inayofuata, pale ambapo mtu akielewa maumivu ya mwenzake huacha kuyabonyeza.

Alipotoka jela alirudi nyumbani kwa mama, nami wakati huo nilikuwa nimeolewa Nyamira na kibanda changu kiko Kisii mjini. Mama alikuwa amezeeka na presha inampanda. Ndugu yangu akageuka malaika. Kuni anapasua, chai anachuma, Sabato anambebea mama kiti hadi kanisani. Kanisa zima likaimba sifa zake. Mimi nilikuwa nikifika namkagua mama kama polisi: mikono ina alama? Sukari iko? Anakula? Anacheka kama zamani? Kila kitu kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtadhani niliogopea shamba. Si shamba. Shamba lile ni lake hata hivyo. Niliogopa kwa sababu sikujua anataka nini, na mtu asiyetaka kitu hafanyi kazi yote hiyo.

Alijua namshuku. Alijua hata siku ninazokuja na mahali macho yangu yanapoanzia. Siku moja nilifika nikakuta mlango wa nyumba ya ndugu yangu, ile ndogo ya uani, uko wazi, naye hayupo, na juu ya meza, mahali ambapo hata kipofu angepaona, kuna kopo la dawa za presha za mama. Dawa hizo mama huziweka chumbani mwake, chini ya mto. Na kwetu mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hakanyagi chumba anacholala mama yake. Hilo ni jambo ambalo hata kulisema ni aibu. Tuna neno lake, chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake inayowatenga wazazi na watoto wao. Mtu akiivunja, wazee huitwa.

Nami nikawaita. Nikasema mbele ya wazee wa ukoo na akina mama wa kanisa kwamba amemwibia mama dawa ili afe, na kwamba ili kuzipata ameingia chumbani mwake. Nilisema kwa sauti.

Ndugu yangu hakujitetea. Aliinamisha kichwa tu. Mama ndiye aliyesimama, ameshika nguzo ya baraza, midomo imekauka. "Nilimpa mimi," alisema. "Nilimpa kwa mkono wangu, jikoni. Nasahau siku hizi, nameza mara mbili. Kwa hiyo yeye ndiye anayeziweka, na kila asubuhi ananiletea kidonge kimoja na maji." Kisha akanigeukia mbele ya watu wote hao. "Utamwacha lini mwanangu?"

Wazee walikohoa. Mama mmoja wa kanisa alinitazama kana kwamba nimevua nguo. Na ndugu yangu, ee Mungu, alikuja kunishika mkono akasema, "Msimlaumu dada. Ni upendo." Mkono wake ulikuwa mkavu kabisa. Hapo nikaelewa kwamba ule mlango haukuachwa wazi kwa bahati. Lakini ningemwambia nani? Mlango uko wazi, kopo liko mezani, kosa liko wapi?

Baada ya hapo nilipunguza kwenda. Nikienda nabisha hodi kama mgeni.

Mwaka jana, majira ya mvua, mama alianguka shambani. Kiharusi. Alilazwa hospitali mjini, si mbali na kibanda changu, upande mmoja umelegea na ulimi umefungwa. Asubuhi nilimpelekea uji, namlisha kwa kijiko, namwongelesha. Alinitazama tu. Wakati mwingine jicho lake lilining'ang'ania kana kwamba kuna jambo, midomo ikahangaika, ikatoka sauti ya upepo tu. Nilimwambia, "Usijali, utasema ukipata nguvu." Nami moyoni nilikuwa nikiomba: sema lile moja. Walimruhusu mtu mmoja tu kitandani kwa zamu, hivyo asubuhi ndugu yangu aliniachia nafasi, na mchana akaichukua yeye. Wauguzi walimpenda. Alijua ni nani kati yao amegombana na mumewe.

Siku ya mwisho nilifunga kibanda mapema. Nilikuta akina mama wa kanisa wamejaa kwenye benchi la nje, wale wale waliokuwepo siku ya dawa. Ndugu yangu alikuwa ndani. Nilipokaribia mlango alitoka yeye, akaurudisha taratibu nyuma yake.

"Amelala," alisema.

Halafu akapaza sauti kidogo, kiasi cha kusikika hadi mwisho wa benchi: "Lakini ingia tu, dada, kama huniamini."

Macho yote yakanigeukia. Nikaiona ile baraza ya nyumbani, nguzo, mama akiuliza utamwacha lini. Na nilikuwa nimejiapia kwamba sitampa tena nafasi ya kunisamehe mbele za watu. Nikaketi. Naye akarudi ndani. Wale mama wakaanza wimbo wa polepole, nami nikaimba nao, kijinga, macho kwenye mlango. Mlango ulipofunguliwa tena, aliyetoka alikuwa muuguzi aliyekuwa nao ndani, na kwa jinsi alivyotembea nilijua mama ameondoka.

Muuguzi huyo alikuwa dada wa upande wa ziwani, mpole, mwenye kuongea nasi Kiswahili maana lugha yetu haijui. Baada ya yote kutulia alinitafuta pale nje akanishika mikono. "Pole sana, mama. Ushukuru Mungu hakuteseka. Tena mwishoni alifunguliwa ulimi. Alimwita baba yake sana."

"Alimwita nani?"

"Baba yake. Wazee wakikaribia huwaona waliotangulia. Alikuwa anasema baba, baba, anatazama mlangoni. Nikamwambia, tulia mama, baba yuko mbinguni, anakungoja."

Niliketi chini sakafuni.

Naandika Kiswahili, ndiyo maana nimekuwa nikisema mama. Lakini nyumbani kwetu hakuna anayesema hivyo. Kwa Ekegusii, lugha yetu, mzazi wa kike ndiye baba. Mzazi wa kiume ni tata. Kila mtoto wa Kisii amechekwa darasa la kwanza kwa kusema baba amejifungua. Na msichana aliyepewa jina la nyanya yake mzaa mama, mama yake humwita hivyo hivyo, baba, kwa kuwa anamwona mama yake ndani yake. Mimi nimebeba jina la nyanya. Tangu nikiwa na meno ya utotoni mpaka nikawa na wajukuu, mama yangu hajawahi kuniita kwa jina lingine. Alikuwa akiniita mimi. Nilikuwa nje ya mlango huo huo naimba, yeye ananiita, na huyu dada wa watu, kwa roho safi, anamwambia baba yuko mbinguni.

"Hukumuuliza kijana wake?" nilisema. "Alikuwa hapo. Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza," alisema, ameshaanza kuogopa. "Nikamwuliza, anamwita nani? Akaniambia, si unasikia mwenyewe? Baba."

Sikumwambia yule muuguzi kosa lake. Lingemfaa nini? Nilimshukuru.

Ndugu yangu nilimpata nyumbani siku ya pili yake, mchana, nyuma ya jiko, akipasua kuni za kuwapikia waombolezaji. Nilikuwa nimepanga matusi yote ninayoyajua. Nilipofungua mdomo yalitoka maneno mawili tu: "Alikuwa ananiita."

"Ndiyo," alisema. Hakuweka shoka chini.

"Ukamwambia muuguzi ni baba."

"Nilimwambia alichosema. Sikudanganya." Akapasua gogo moja, akaliweka kando. Halafu akaanza kusimulia bila kuombwa, kwa sauti ile ya taratibu. Kwamba mama hakuwa akitazama nyuso za waliopita mlangoni, alikuwa akitazama miguu, kwa sababu miguu yangu anaijua. Kwamba aliposikia wimbo alitambua sauti yangu kati ya zote, jicho zuri likajaa maji, na vidole vya mkono mzima vikaanza kuvuta shuka, hivi, polepole, kama anayekusanya nguvu. Alinionyesha kwa vidole vyake. Ilikuwa mama kabisa. Mimi nimeishi na mama miaka yote hiyo na nisingeweza kumwona vile alivyomwona yeye.

Nilimchukia mpaka nikaona giza. Na nikasema, "Halafu?"

"Halafu akanishika mkono. Akasema jambo. Lilikuwa lako, si langu."

"Alisema nini?"

Hapo aliweka shoka chini. Macho yake yakaenda kutoka mdomoni mwangu hadi mikononi, yakarudi. "Unataka kujua kama alikuamini," alisema.

Haki ya Mungu, sijawahi kumwambia mtu. Sijawahi hata kuomba kwa sauti. Aliukagua uso wangu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitisha kitu. "Nitakuambia," alisema. "Si leo. Leo kuna watu." Akajipangusa jasho akaenda mbele ya nyumba, na muda mfupi baadaye nikawasikia akina mama wakilia upya. Alikuwa amefika kwao.

Tulimzika mama kando ya chai. Tangu hapo naenda Nyamache. Mume wangu anaona ajabu. Miaka yote nilikuwa nikimkimbia mtu huyo, sasa naenda kwake kuliko ninavyoenda kwa watoto wangu. Majirani wanasema kifo kimetupatanisha, wanamshukuru Mungu. Ndugu yangu hunikaribisha, hunipikia chai, hunipa kidogo. Safari moja alisema mama alitamka, "Mwambie nilijua." Nililia mpaka kanga ikalowa, nikarudi mjini mwepesi, nikauza siku nzima nikiimba. Safari iliyofuata akasema, hapana, dada, ulinisikia vibaya, alisema, "Mwambie aache." Safari nyingine alisema mama hakutamka neno lolote, alimshika mkono tu, na kwamba aliyaongeza kwa kunihurumia. Alisema kunihurumia! Nikamtazama machoni nikitafuta ni lipi kati ya hayo matatu la kweli, na nikaona naye ananitazama, kwa makini zaidi yangu.

Najua anachofanya. Msidhani sijui. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo ndiyo kazi yangu. Lakini hakuna mwingine aliyekuwa mle ndani anayejua lugha yetu. Kama mama alisema neno, limo ndani ya mtu huyu peke yake, na mtu huyu anajua litaendelea kunileta kwake maadamu halijatoka.

Mzigo nilioufungua juzi ulikuwa na koti la kiume, zito, halina tundu wala doa, la kufaa baridi ya kule juu Nyamache. Wateja kadhaa wameliulizia. Nimewaambia lina mwenyewe.